Kuku wa Ukurasa wa Thelathini

Vijana wangu wa Nyasubi,

Mliponialika kwenye kikao chenu cha walimu wa tuisheni mlinipa kiti cha mbele, soda na maikrofoni. Soda niliimaliza. Maikrofoni niliishika, nikasema "Nashukuru", nikairudisha. Wachache mlipiga makofi kwa adabu, wengine mkadhani betri imekwisha. Betri ilikuwa nzima. Ni mimi ndiye niko hivyo tangu utotoni: wakinitazama watu zaidi ya watatu, kila nilichokusudia kusema kinajificha mpaka watu waondoke. Ndiyo maana nawaandikia. Elimu yangu ni ya darasa la saba na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo mtakachosoma kwa dakika chache kimenichukua majuma matatu. Msinionee huruma. Mtaona mbele kwamba huo mkono mzito ndio ulionilisha.

Nimeliona bango la kituo chenu: "Mwalimu Mmoja, Mtoto Mmoja. Vipaji Maalumu". Ni bango zuri. Kisha nikachungulia dirishani, nikaona watoto wamebanana hadi mwenye kuandika anamwomba jirani ruhusa ya kusogeza kiwiko. Sicheki. Mimi mwenyewe niliingia katika kazi ya mtoto mmoja mmoja kwa njia ambayo haikuwa na bango wala heshima.

Nilikuwa mwalimu wa UPE, yaani sisi tuliomaliza darasa la saba tukafundishwa ualimu huku tukifundisha, maana nchi ilitaka kila mtoto aende shule na walimu hawakutosha. Nilitoka kwetu Ushirombo nikapangiwa shule moja upande wa Buzwagi. Wakati huo Buzwagi haikuwa na mgodi, ilikuwa vichaka. Tulichunga mbuzi wa shule juu ya dhahabu yote ile, huku tukilalamika kwamba ardhi haifai hata kwa mihogo.

Siku ya kwanza niliingizwa darasa la tatu. Watoto walisimama wote wakasema "Shikamoo Mwalimu", nami nikawaitikia "Shikamoo". Walicheka mpaka darasa la jirani likanyamaza ili lisikie. Niligeukia ubao nikaanza kuandika tarehe. Nilipomaliza tarehe, kengele ililia.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alivaa tai kila siku, hata siku ya kupalilia pamba, na alipenda shule yake isonge mbele. Aliniita akaniambia kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali:

"Kijana, wewe nitakupa wale wasiofundishika. Utakaa nao nyuma ya stoo ya majembe, mmoja mmoja. Hata ukiharibu, hakuna kitakachoharibika."

Hivyo ndivyo nilivyopata cheo mnachokiandika leo kwenye mabango. Watoto waliniita Kobe. Si kwa ubaya; walikuwa wametazama tu jinsi ninavyoandika.

Kosa la kwanza nililofanya nyuma ya stoo nawapa bure. Nilipewa mtoto wa kiume ambaye kila ukimwambia "tatu" alisema "saba", ukimwambia "kaa" alisimama. Nilimfundisha mwezi mzima. Nilikata vijiti, nikapanga maharage, nikachora. Siku moja jua lilinisumbua, nikahamia upande wake wa pili. Akajibu kila kitu. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, na mimi mwezi mzima nilikuwa nimekaa kushoto. Tangu siku hiyo, mtoto mpya nilimkalia kulia leo, kushoto kesho, kisha nikakaa mbele yake, kabla ya kusema lolote kuhusu akili yake. Katika vyuo vyenu najua mnafundishwa mambo makubwa kuliko hilo. Lakini anzeni na kiti.

Sasa nije kwa Kabula, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Kabula alikuwa darasa la sita, binti mrefu, mkimya, na hakujua kusoma hata jina lake. Mama yake alimleta mwenyewe nyuma ya stoo.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, mama."

"Huyu nyumbani ana akili. Njiani kuja shule inapotea. Uitafute," alisema, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, akamwacha na kwenda zake shambani.

Sikuitafuta mbali. Juma lile tulipelekwa kupanda pamba ya shule. Mwalimu Mkuu alisimama kwenye kichuguu akionyesha mistari ianzie wapi na iishie wapi. Kabula alitazama shamba, akatazama debe la mbegu, akaninong'oneza: "Mwalimu, tutabakiza mbegu za mistari minne. Shamba limekatwa kona pale kwenye mkwaju, yeye amelihesabu kama limenyooka." Nilimwambia anyamaze apande. Jioni zilibaki mbegu, tukazipima kwa kupanda mahali pengine: mistari minne. Nilipomuuliza amejuaje, alinitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje kwamba mvua inalowesha.

Nikaanza kumjaribu. Hesabu za darasa la saba alikuwa anazisikia kupitia dirishani na kuzijibu kichwani kabla waliomo ndani hawajachonga penseli. Lakini ukiziandika kwa maneno ukampa karatasi, aliishika kwa mikono miwili na kutoa jasho. Ndiyo kusema, tulikuwa na binti mwenye kichwa kuliko shule nzima, pamoja na walimu, na alikuwa amekaa na Kobe nyuma ya majembe.

Nilikwenda kumwambia Mwalimu Mkuu. Alinisikiliza, akaniambia kwamba jina la Kabula halitakuwamo kwenye orodha ya wanaoingia darasa la saba. "Mtihani ni wa kusoma, kijana. Hata hesabu unaisoma kwanza. Sitampeleka mtu akatoe jasho mbele ya msimamizi. Mkaguzi anakuja mwezi ujao. Akisoma mbele yake, atabaki. Asiposoma, arudi kwao akamsaidie mama yake."

Mwezi mmoja. Mwalimu mwenye busara angefundisha. Mimi nilifanya kosa la pili, ambalo lilikuwa kubwa kiasi cha kuonekana kutoka wilayani.

Shule ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha kusoma cha darasa lile. Kilikuwa na hadithi ya mzee mmoja anayekwenda gulioni na kuku wake. Kila siku nilimsomea Kabula kurasa kadhaa, naye alizirudia huku kidole kikitembea juu ya mistari. Siku ya tatu alikuwa harudii, anasoma. Juma la pili alisoma kitabu kizima bila kukwama, sauti inapanda na kushuka vizuri kuliko yangu. Nilidhani mimi ni mwalimu wa ajabu.

Jumamosi nilipanda baiskeli kwenda mjini Kahama kujisifu kwa Bi Zuhura. Huyu alikuwa mjane, mzaliwa wa Ujiji, aliyefundisha chuo cha Kurani kwenye ukumbi wa nyumba yake tangu kabla sijazaliwa. Mimi ni Mkatoliki na nilikuwa nimeingia kwake mara ya kwanza kujikinga mvua tu, nikaona jambo nililokuwa sijaliona kwenye mafunzo yetu ya ualimu ya kusikiliza redio. Watoto thelathini wamekaa mkekani, kila mmoja na ubao wake, na kila mmoja kwa zamu anakuja mbele yake peke yake, anasoma, anasahihishwa, anarudi. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni njia maalumu. Alidhani ndiyo kufundisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na meno yote nje. Kuna nini?"

Nikamweleza habari za Kabula. Alikuwa anaosha ubao wa mtoto mmoja, hakuinua kichwa.

"Umemwanzisha katikati?"

"Katikati ya nini?"

"Ya ukurasa. Weka kidole popote, useme, soma hapa. Mimi nimelea watoto wanaosoma juzuu nzima, ukiwawekea kidole katikati hawajui wako wapi. Hao wamemeza, hawajasoma."

"Wa kwangu anasoma, Bibi."

"Basi mwanzishe katikati, hasara iko wapi?"

Hasara ilikuwa kwamba ningejua. Sikumwanzisha katikati. Nilirudi shuleni na furaha yangu nzima, nikaitunza mpaka siku ya Mkaguzi.

Mkaguzi alikuja na gari, miwani, na nakala yake mwenyewe ya kitabu, mpya, bado inanukia gundi. Alikuwa mtu mnene mwenye subira. Kabula alisimama ofisini mbele ya Mwalimu Mkuu na mimi, akafungua kitabu kipya, akasoma. Alisoma vizuri hata Mwalimu Mkuu akalegeza tai. Alifika mwisho wa ukurasa wa thelathini, pale mzee wa hadithi anapomtia kuku kikapuni na kushika njia ya gulioni. Akahamisha kidole kwenye ukurasa wa kulia, akaendelea: "Alifika nyumbani jua likizama, akiwaswaga mbuzi wake wawili."

Mkaguzi alivua miwani.

"Ngoja, binti. Kuku yuko wapi?"

"Hatujui, mzee," alisema Kabula kwa heshima. "Shuleni kwetu hajaonekana tena."

Alikuwa anasema kweli. Nakala yetu ilikuwa haina kurasa za thelathini na moja hadi thelathini na nne. Miaka miwili nyuma mlinzi wa shule aliishiwa karatasi ya kusokotea tumbaku, na zile kurasa zilikuwa laini. Sisi tulizoea. Kwetu mzee alikwenda na kuku akarudi na mbuzi, na watoto waliona ni biashara nzuri, hawakuuliza. Lakini kitabu cha Mkaguzi kilikuwa na kurasa zote, na Kabula alikuwa ametazama ukurasa wa thelathini na moja huku akisema maneno ya ukurasa wa thelathini na tano.

Mkaguzi alicheka mpaka akashika meza. Mwalimu Mkuu hakucheka. "Mwalimu," aliniambia mbele ya mtoto, "umefuga kasuku." Kabula alirudisha kitabu mezani taratibu kama kitu cha moto, akatoka.

Alichosema Mkaguzi alipomaliza kucheka na kuelezwa habari za tumbaku sitakisahau: "Mtu aliyemeza kitabu kizima kwa majuma mawili si mjinga. Mimi nisingeweza. Narudi kabla ya likizo ndefu. Nitamsomesha zile kurasa nne ambazo mlinzi amezivuta. Hizo hawezi kuwa amezimeza." Akaondoka na kitabu chake.

Bi Zuhura naye alicheka nilipomsimulia, lakini kidogo. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi, mtaalamu wa wasiofundishika, nilikuwa sijamuuliza mtoto hata mmoja tangu nianze kazi.

"Umemuuliza anaona nini akitazama maandishi?"

Nilimuuliza Kabula Jumatatu. Kwanza alinitazama usoni aone kama nitamcheka.

"Hayatulii, Mwalimu. Nikishika hili, lile limehama. Ya ubaoni ndiyo mabaya zaidi, walimu wanaandika haraka wanaondoka, nabaki nayo."

"Yote yanahama?"

"Yako hapana."

"Yangu kwa nini?"

"Wewe unaandika kama unalima. Naona jembe linapoingia na linapotoka. Nikiona linavyozaliwa, najua ni nini."

Vijana, nilikuwa nimekemewa kwa mkono huu tangu darasa la kwanza. Nilichapwa viboko kwa mkono huu. Mwalimu Mkuu aliniondoa darasani kwa ajili yake. Na sasa mtoto mwenye akili kuliko sisi wote alikuwa ananiambia kwamba ndio mkono pekee aliowahi kuusoma. Sikujua nicheke au niende kuwatafuta walimu wangu wa zamani mmoja mmoja.

Mwaka ule ulikuwa baada ya vita ya Kagera, chaki ilikuwa adimu kama sabuni, na nyuma ya stoo hatukugawiwa hata kipande. Nililalamika kwa Mama Kabula, naye akatuletea ungo wake wa zamani. Tuliujaza majivu yaliyochekechwa. Niliandika herufi moja kwa kidole, polepole, yeye akiangalia kidole na si herufi. Kisha akaipitia kwa kidole chake juu ya alama yangu, akiitamka. Kisha tunautikisa ungo, herufi inafutika, anaiandika mwenyewe amefumba macho. Kama chaki ingekuwapo, ningeandika ubaoni kama wengine na tungekaa pale mpaka leo. Kwa hiyo msiombe vifaa vyote kwa mara moja.

Kutoka herufi tulikwenda silabi, kutoka silabi neno. Kwa kitabu tulikata vipande viwili vya boksi la sabuni: kimoja cha kufunika mistari ya juu, kingine cha kufunika kilicho mbele, libaki neno moja tu peke yake, kama ng'ombe mmoja anayepitishwa kwenye josho. Maneno yakipita moja moja hayakumtoroka. Na kila asubuhi nilimwanzisha katikati. Siku za kwanza alilia. Siku nyingine mimi ndiye nilitaka kulia, maana alikuwa anatumia asubuhi nzima kwa mistari mitatu. Lakini mistari mitatu hiyo ilikuwa yake.

Mtaniuliza mwisho wake ulikuwaje. Nitawajibu sasa, ili nimalizie pale ninapopenda mimi. Mtihani wa la saba Kabula hakuchaguliwa kwenda sekondari. Mwaka ule shuleni kwetu hakuchaguliwa mtu, hata wale waliosoma kama redio. Alifundishwa kazi na fundi mmoja wa ujenzi, na leo mnamwita Mama Shija. Ndiye aliyewapimia msingi wa hicho kituo chenu, akawaambia kona ya nyuma haijanyooka, nanyi mkabisha, mkaubomoa mara mbili. Angewaambia tangu mwanzo mistari mingapi ya tofali itabaki, lakini hamkumuuliza.

Sasa nirudi ofisini.

Mkaguzi alirudi kama alivyosema. Habari ilikuwa imetangulia. Walioambiwa wabaki madarasani walikuwa wamejaa chini ya dirisha la ofisi, na si kwa ajili ya Kabula. Walitaka kujua yaliyompata kuku. Mlinzi mwenyewe alisimama mlangoni na rungu lake, kama aliyekuja kulinda.

"Hivyo vya boksi ni vya nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Vya kuyazuia mengine, mzee, mpaka niyaite," alisema Kabula.

Akafungua ukurasa wa thelathini na moja. Akaweka vipande vyake vya boksi, kimoja juu, kimoja mbele.

"Nji-a-ni... njiani. Ku-ku... kuku. A-ka... akaru... akaruka."

"Karuka," mtoto mmoja aliwaambia wenzake chini ya dirisha.

"Kutoka ki-ka-pu-ni."

Mwalimu Mkuu alitazama saa. Mkaguzi alikunja mikono tumboni. Kurasa nne ambazo mtu mwingine angezimaliza kwa kikombe cha chai zilichukua vipindi viwili, na kengele ililia mara mbili bila mtu kuondoka. Kuku alikimbilia kichakani. Mzee akamfuata. Kabula akakwama kwenye "akamkimbiza", akarudi nyuma, akalivunja vipande, akalishinda. Kuku akaingia kwenye boma la mtu, na mwenye boma akawa rafiki wa ujana wa yule mzee, ambaye walikuwa wamepotezana siku nyingi. Wakakumbatiana. Rafiki akampa mbuzi wawili wa kumbukumbu, kuku akabaki pale kutaga.

"Kumbe," alisema Mwalimu Mkuu, akiwa amesahau kuitazama saa.

"Mimi nilidhani ameliwa," alisema mlinzi.

"Wewe ndiye uliyemla," alisema Mkaguzi bila kugeuka.

Kisha akavuta kitabu cha kumbukumbu cha shule, kile kikubwa chenye jalada jekundu, akakisukuma upande wangu. "Wewe ndiye uliyemfundisha, wewe andika. Mimi nitatia sahihi. Andika: Kabula aendelee na darasa la saba."

Mbele ya watu wote wale. Nilishika kalamu. Kabula alikuja akasimama begani kwangu, vipande vya boksi bado viko mkononi, lakini hakuvitumia. Nilivyokuwa naandika, alikuwa anasoma kwa sauti ndogo, herufi inavyozaliwa. "Ka-bu-la." Hilo lilikuwa jina lake. Akapumua. "A-en-de-lee. Na. Da-ra-sa."

Nje dereva alipiga honi.

"Mwalimu, harakisha basi," alisema Mwalimu Mkuu, "gari linamsubiri mgeni."

"La," alisoma Kabula. Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu: "Mwache, Mwalimu Mkuu. Limebaki neno moja."

Nikaliandika. Sijawahi kuandika neno polepole kama lile.